Mtani wa Kukodi

Lori la mabati liliingia mtaa wa Sakubva asubuhi, watu wakiwa bado kwenye foleni ya mkate. Njia ya kanisani ni nyembamba na dereva alikuwa mgeni, kwa hiyo alipiga honi tangu sokoni mpaka getini. Watoto walilifuata lori, mama zao wakawafuata watoto, na lilipofika kanisani lilikuwa na msafara kama wa bibi harusi.

Mama Tsungi alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa sala, na aliwaelekeza vijana wa lori kama mtu aliyezaliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Taratibu, wanangu! Hayo ni mabati ya Bwana. Bati likibonyea mtamjibu yeye, si mimi."

"Umeyatoa wapi, ndugu yangu?" aliuliza Mama Garikai, mtunza hazina wa akina mama, aliyekuwa ameacha maandazi yake kwenye mafuta ili aje kuona. "Yote haya kwa siagi ya karanga?"

"Ni talanta ya Baba Tsungi."

Mama Garikai alicheka mpaka akajishika kiuno. "Baba Tsungi yupi? Huyu wa baiskeli?"

Tusimlaumu. Kanisa lile lilikuwa na kuta bila paa kwa miaka miwili, na mvua ilipokuja watu walisali chini ya turubai lililochoka kuliko wao. Mwezi wa Talanta ulipoanza, Mchungaji Muyambo alimpa kila muumini noti ya dola moja na maneno yaleyale ya kila mwaka: pesa si yako, muda si wako, na hicho unachojua kukifanya si chako pia, wewe ni wakili tu, na mwenye mali atarudi kuuliza. Mama Garikai akanunua unga wa ngano. Wengine wakanunua sabuni, wakafua nguo za majirani. Mama Tsungi akanunua karanga, akazisaga, akauza siagi mpaka Murambi kwenye nyumba zenye mbwa wakali.

Mumewe, Jairosi, ni fundi anayetengeneza baiskeli moja wakati wenzake wamemaliza tatu, kwa sababu hawezi kukaza nati bila kusimulia kitu. Dola yake aliichomeka kwenye utepe wa kofia, na haikutoka hapo. Alipoulizwa anaifanyia nini, alisema anaipa hewa.

Lakini kuna kitu kimoja Jairosi alikuwa nacho ambacho Sakubva nzima haikuwa nacho. Alikuwa mtani wa ukoo wa Mangwiro. Kwenye misiba yao alivaa koti la marehemu, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akamsema kwa uchoyo wake na mapenzi yake ya siri, mpaka wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi. Waliotoka mbali waliapa kwamba wamemwona marehemu. Mama Tsungi aliolewa kwa ajili ya kicheko hicho, ingawa mama yake alimwuliza kama ndicho atakachokuwa anapika.

Mchana alimwekea mumewe sadza, ugali wa kwao, na nyama.

"Karibu, Mhofu."

Mhofu ni jina la heshima la ukoo wake. Jairosi, ambaye siku nyingine zote huitwa "wewe Baba Tsungi", aliacha kunawa mikono.

"Nani kafa?"

"Umejuaje?"

"Nimeitwa Mhofu, halafu kuna nyama."

Mama Tsungi akakaa. "Mzee Gwatidzo wa Zimunya, baba yake Batsirai wa duka la vifaa vya ujenzi. Anazikwa keshokutwa. Na hawana mtani."

"Pole zao."

"Jana nimepeleka siagi kwa Batsirai, mkewe akaanza kunililia mlangoni. Anasema mzee atazikwa kimya kama gogo. Akaniuliza, mumeo si ndiye yule anayewachekesha kina Mangwiro? Nikasema ndiye. Akamwita mumewe. Batsirai akaniuliza bei."

"Bei ya nini?"

"Yako."

Jairosi alimtazama mkewe, akaitazama nyama, akaisogeza mbali kidogo ili isimshawishi.

"Na mabati niliyosikia yamepita..."

"Mimi sikutaja mabati. Mimi nilisema tu kanisa halina paa. Mabati katamka mwenyewe."

"Mke wangu, umeniuza."

"Nimekukodisha. Si utarudi?"

"Hujui ulichofanya." Sasa hakuwa akitania, na Mama Tsungi alishtuka, maana uso wa mumewe haukuzoea kukaa hivyo. "Mzee Mangwiro nikimwita mchoyo mbele ya jeneza lake, mimi ni mtani, wanacheka. Mzee Gwatidzo nikimwita hivyo, mimi ni mpita njia aliyetukana maiti. Nitatozwa ng'ombe. Na kama nimelipwa ndiyo mbaya zaidi. Nitakuwa nimemtukana kwa mshahara. Mtani hakodiwi, Mama Tsungi. Mtani anakuja mwenyewe, na akitaka kitu ananyang'anya."

"Kwa hiyo mabati yarudi?"

Mama Tsungi akaliona akilini lori likigeuka, akamwona Mama Garikai kajishika kiuno kwa mara ya pili, na akajisikia vibaya sana, kiasi cha kutaka kulala na kujifunika shuka mchana. Lakini hakuwa mwanamke wa kulala mchana.

"Na huo utani wenu na kina Mangwiro," alisema, "ulishuka kutoka mbinguni?"

"Ulitoka kaburini. Mwaka wa homa kubwa watu walikuwa wanakimbia maiti. Babu yake Mangwiro akaja na jembe, akamchimbia babu yetu. Hakuitwa, hakulipwa. Ndipo tukawa..."

Mkewe alikuwa akitazama nyuma ya mlango, jembe lilipokuwa limeegemea, na buibui keshajenga kwenye mpini.

"Usiniangalie hivyo. Mimi na jembe tuliachana zamani, kwa amani."

"Mdomo amekupa Mungu, nawe umeutumia miaka yote kwa raha zako, kwa watu walewale. Sijakulaumu. Hiyo mikono je? Na hizo siku mbili ambazo ungekaa kibandani ukiipa dola hewa, ni za nani?"

Jairosi akairudisha nyama karibu, akala.

"Zimunya kwenyewe ni mawe matupu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

* * *

Siku ya mazishi Mama Tsungi alifika Zimunya na akina mama wenzake, Mama Garikai akiwemo, maana hakuna ambaye angekubali kusimuliwa. Alimkuta mumewe amekaa kwenye lundo la udongo, mwekundu kutoka viatuni mpaka kwenye nyusi. Vijana wachimbaji, ambao Batsirai alikuwa amewalipa, walikuwa wamemzunguka wanacheka.

"Mama Tsungi," Jairosi alisema, akimwonyesha viganja vilivyojaa malengelenge, "talanta zako hizi hapa. Zimeota."

Mkewe alitaka kumwonea huruma, lakini jicho lake lilikwenda kwenye kofia. "Dola iko wapi?"

"Nimetoa rambirambi."

"Dola ya talanta!"

"Sasa niingie msibani mikono mitupu? Halafu mlisema wenyewe si yangu."

Mama Tsungi akageuka, akaelekea uani.

Uani kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri mno. Batsirai, mwenye suti nyeusi na simu isiyotoka mkononi, aliendesha mazishi ya baba yake kama anayesimamia upakuaji wa saruji: wageni huku, viti kule, wimbo sasa, wimbo basi. Mama yake, bibi kizee waliyemwita Ambuya Gwatidzo, alikaa mkekani kando ya jeneza, mkavu wa macho, akitazama vidole vyake vya miguu. Watu waliimba kwa adabu. Ulikuwa msiba wa kuchosha, na aliyelala ndani ya jeneza alistahili zaidi ya hapo, hata kama hakuna aliyempenda sana.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka na marehemu akatoka.

Alikuwa na koti lake la kahawia, fimbo yake, na ule mgongo uliopindia kushoto. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Marehemu akazunguka uani pole pole, akiwahesabu waombolezaji kwa ncha ya fimbo.

"Nyie wote mnakula hapa?" Ilikuwa sauti ile ile ya puani. "Nani kafungua ghala langu? Batsirai! Hili sanduku la kung'aa ni la bei gani? Dukani kwako mbao za masanduku ya sabuni zilikwisha?"

Kicheko kikajaribu kutoka mahali fulani, kikajificha. Mzee mmoja, mdogo wake marehemu, alisimama, akamnyoshea kidole.

"Wewe ni nani wa kumsema kaka yetu? Watani wake tunawajua, na wewe si mmoja wao!"

Mama Tsungi alihisi mkono wa Mama Garikai ukimshika, na hakujua kama unamshika kwa huruma au kwa kufurahia.

Jairosi aliweka fimbo chini, akainua viganja vyake. "Mimi ndiye niliyemchimbia chumba chake," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Waulizeni vijana. Sikuitwa, na huku kwenye jembe hakuna aliyenilipa."

Mzee aliwatazama vijana, nao wakatikisa vichwa kukubali. Ambuya Gwatidzo aliinua uso.

"Mwache," alisema. "Mikono naiona."

Jairosi akaokota fimbo. Akamwendea Batsirai, akasimama wima mbele yake, akapiga saluti.

"Ofisa! Nimekuja kushtaki! Nimetembea kwa miguu kutoka Zimunya! Mtani wangu kaniibia jogoo!"

Zimunya nzima iliijua habari hiyo, na hakuna aliyewahi kuitaja mbele ya Ambuya. Zamani mtani wa mzee Gwatidzo alikuja msibani akachukua jogoo, kama ilivyo haki ya mtani, naye mzee akafunga safari mpaka kituo cha polisi. Mtani alilala ndani. Tangu siku hiyo ukoo ule haukukanyaga tena kwa Gwatidzo, wala kwenye harusi wala kwenye msiba, na ndiyo maana mzee alikuwa anazikwa kimya kama gogo. Wachimbaji walimsimulia Jairosi habari yote, wakamwigia na mwendo na sauti ya mzee, wakiwa shimoni, kwa sababu mtu unayechimba naye humfichi kitu.

"Jina la aliyeibwa?" marehemu alijiuliza mwenyewe. "Andika, Ofisa. Jogoo mwekundu. Ana mke na watoto. Hana tabia ya kulala nje!"

Kilichofuata kilianza tumboni mwa Ambuya Gwatidzo. Bega lilitikisika, kisha la pili, kisha bibi kizee akaanguka ubavu kwenye mkeka akicheka, akipiga jeneza kwa kiganja. "Ndiye! Ndiye huyo! Alitaka na mimi nikatoe ushahidi!" Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kile kilio alichokuwa amekifunga tangu siku ya kwanza, na uani wote ukaenda naye. Mama Garikai alilia na kucheka mpaka kitambaa chake cheupe kikamwanguka.

Batsirai peke yake hakucheka. Alitazama simu.

Baada ya udongo kurudishwa alimfuata Jairosi mbele ya watu. "Umefanya vizuri. Mabati yalishafika kanisani, kwa hiyo tumemalizana, sivyo?"

"Kayachukue," alisema Jairosi.

"Samahani?"

"Mabati. Kayachukue. Mke wangu alikosea, na wewe ulikosea. Nikiyapokea, nitakuwa nimemtukana baba yako kwa malipo, na hicho kicheko cha mama yako ni cha kununua. Sikuchimba kaburi kwa ajili hiyo."

"Mzee wangu, mimi sipendi kudaiwa."

"Basi zoea. Sisi sasa ni watani. Tutadaiana mpaka mmoja amzike mwenzake."

Batsirai hakuzoea kukataliwa, na alikasirika. "Sawa," alisema. "Nitatuma lori."

Mama Tsungi aliyasikia hayo akiwa na sahani ya sadza mkononi. Aliiweka chini bila kuila.

* * *

Safari hii dereva aliijua njia na hakupiga honi, lakini haikusaidia. Mtaa mzima ulikuwepo. Vijana walipakia bati moja baada ya jingine, na kila bati lilipogusa lenzake lilipiga kelele ambayo Mama Tsungi aliisikia kwenye meno.

"Kumbe yalikuja kutembea tu," alisema Mama Garikai, ingawa si kwa ukali aliokuwa ameuandaa.

Nyumbani Mama Tsungi alimnyima mumewe maneno. Alimpakulia, akamfulia udongo wa Zimunya kwenye suruali, akapaka mafuta malengelenge yake, yote kimya. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijua mumewe amesema kweli. Siku moja, akisaga karanga, alimkumbuka yule jogoo asiye na tabia ya kulala nje, akacheka peke yake. Jairosi akachungulia kutoka nje.

"Sikucheki wewe," alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Jumapili tunatoa hesabu. Kila mtu atasimama na alichozalisha. Wewe utasimama na nini?"

"Nitasimama na miguu."

Mama Tsungi hakuweza kuivumilia picha hiyo. Alikuwa na jogoo mmoja, mweupe, mwenye kutembea taratibu kifua mbele, waliyemwita Shemasi. Majirani walikuwa wamemtaka mara nyingi na hakumtoa. Jumapili asubuhi alimfunga miguu kwa kitambaa, akampakata mpaka kanisani. Hangempeleka kwa jina lake mwenyewe. Angempeleka kwa jina la mumewe.

* * *

Jua liliingia kanisani bila kizuizi. Watu walikuja mbele mmoja mmoja, wakaweka juu ya meza, wakapigiwa makofi. Mama Garikai aliweka bahasha nene akarudi akicheza. Mama Tsungi aliweka ya pesa za siagi, naye akapigiwa vigelegele. Kisha akabaki hapohapo mbele, akamweka Shemasi mezani kati ya bahasha na biblia.

"Huyu ni wa Baba Tsungi," alisema.

"Baba Tsungi mwenyewe anasemaje?" aliuliza Mchungaji Muyambo.

Jairosi akasimama, kofia mkononi. "Mchungaji, mimi dola yako niliitoa rambirambi. Haikuzaa kitu. Huyo jogoo ni huruma ya mke wangu tu."

Wengine walicheka, wengine walisonya, na Mama Tsungi aliinamisha kichwa. Kwa hiyo hakuliona gari likisimama nje. Alichoona ni viatu vyeusi vinavyong'aa vikipita kati ya mabenchi kwa haraka, kisha mkono wenye saa ya bei mbaya ukamnyakua Shemasi juu ya meza ya Bwana.

Alikuwa Batsirai. Inaonekana hakuwahi kushika kuku maishani, maana alimkumbatia kama mtoto aliyetapika, na Shemasi, kitambaa kikimtoka miguuni, akaanza kumpiga mbawa za uso.

"Bwana! Hicho ni kitu cha Mungu!" Mchungaji alipaza sauti.

"Mama yangu kasema..." Batsirai alikwepa bawa. "Mama kasema nisipokuja kumwibia huyu mzee, nitakuwa nimekubali kwamba hatuna mtani. Sijui inafanywaje! Inafanywaje?"

"Unakimbia!" Jairosi alimwambia. "Mwizi gani anasimama kuuliza njia?"

Batsirai akakimbia. Alikimbia na suti yake kati ya mabenchi, tai imeenda mgongoni, watoto nyuma yake, Shemasi akipiga kelele kama anayeitwa kuzimu. Mlangoni akageuka. "Mabati yako nje, na misumari!" alipiga kelele. "Msinishukuru mimi, hayo nimempa Mungu mwenyewe! Jogoo ndiye wangu!"

Na hapo Mama Tsungi, mke wa Jairosi, aliyeishi na kicheko kile miaka yote bila kujua kwamba na yeye anacho, akapindisha mgongo wake kushoto, akainua kidole, na sauti ikamtoka puani:

"Ofisa! Nimetembea kwa miguu kutoka Zimunya!"

Batsirai alisimama. Mdomo ulimtetemeka kwanza upande mmoja. Halafu akaketi palepale kizingitini, akiwa amemkumbatia jogoo, akacheka kwa sauti kubwa ambayo hakuna mfanyakazi wake aliyewahi kuisikia, na machozi ambayo hayakumtoka kaburini yakamtoka sasa, yakalowesha manyoya ya Shemasi. Mama Garikai alimfuata, akampa kitambaa chake cheupe apangusie.

Jairosi akavaa kofia, akaivua tena, akakumbuka yuko kanisani.

"Mchungaji," alisema, akimwonyesha yule mtu kizingitini, "nadhani ile dola imezaa."

Mchungaji Muyambo alimtazama mwizi, akamtazama jogoo, kisha akatazama juu, palipokuwa na mawingu yanayojikusanya.

"Basi funga hesabu," alisema, akianza kuvua joho. "Nani kaja na ngazi?"